Baba kataka gari la siti saba... zile mbili za nyuma atakaa nani?

Mie mwaka huu nimepata mtihani ambao ule wa kidato cha nne ulikuwa cha mtoto. Simu iliita saa kumi na mbili asubuhi, kutoka Usoke. Na wewe unajua, mtu akikupigia saa hizo ama kuna msiba, ama kuna mtu ana shida ya hela.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kiinua mgongo kimetoka. Nataka gari. Gari la juu, la familia, siti ziwe mistari mitatu. Wewe upo Dar, tena unaandika magazetini, mambo unayajua. Nitafutie."

Mimi! Binti wa miaka 27, nakaa chumba na sebule Manzese, leseni sina, hata baiskeli sijawahi kumiliki. Nina kaka watatu, wawili wana magari yao. Nikamuuliza baba kwa nini asiwape wao hiyo kazi. Akanijibu kwa mkato: "Wao watanichagulia la kwao." Simu ikakatika.

Kwa wale wasiopajua kwetu, Usoke ipo wilaya ya Urambo, mkoa wa Tabora, ukitoka Tabora mjini unaelekea Kigoma. Ni nchi ya tumbaku, asali, maembe na mchanga unaomeza tairi. Njia ile ni ya siku nyingi. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, halafu ikaendelea magharibi mpaka Ujiji, na mizigo ilikuwa vichwani na mabegani mwa babu zetu Wanyamwezi, kilo 30 kwa mtu, wakati mwingine na zaidi. Wale Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Tabora Novemba. Miezi mitano! Leo ukikaa kwenye basi masaa machache tu unaanza kulalamika miguu imevimba.

Baadaye ikaja reli. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na hiyo reli ndiyo iliyotulea sisi. Baba aliingia kazini kijana mdogo, akazungushwa stesheni ndogondogo za njia ya Kigoma, Kaliua, Uvinza, kisha akarudishwa Usoke akamalizia hapo. Maisha yake yote mzee kazi yake ilikuwa kusimama na bendera, kijani nenda, nyekundu simama, huku watu wengine wakisafiri. Sasa kastaafu, na yeye anataka kupita.

Bajeti: milioni 32, isiongezeke hata senti. Hiyo ni hela ya mara moja, msomaji wangu. Mshahara hauji tena mwisho wa mwezi kurekebisha kosa. Nikikosea mimi, mzee anakosa gari, anakosa na hela. Usingizi ulinipaa.

Nikaanza kuzunguka yadi. Bwana wee! Kumbe mambo ya magari yana shule yake. Nilidhani gari la juu ni gari la juu, kumbe hapana. Harrier, ambalo vijana wa mjini wanalililia, siti zake ni mistari miwili tu, kwa hiyo likawekwa kando siku ya kwanza. Nikabaki na manne kwenye daftari: Prado, Vanguard, X-Trail ile yenye siti saba, na Noah. Najua, najua, Noah siyo gari la juu. Subiri kwanza, utaona kwa nini liliingia.

Somo la kwanza nilipewa na dalali mmoja mwenye miwani ya jua hata ndani ya ofisi. Kanionyesha Prado nyeusi, inang'aa, hata inzi akitua anateleza. "Siti saba hiyo sista, familia nzima." Nikafungua mlango wa nyuma, ule wenye tairi la akiba mgongoni. Naangalia ndani, siti za nyuma hakuna! Pana spika kubwa kama kabati. Nikamuuliza siti ziko wapi. "Zipo nyumbani kwa tajiri, ukilipa zinaletwa." Hebu niambie, mtu ananunua kitanda, chaga anaambiwa ziko kwa tajiri? Nilikuja kuelezwa na fundi kwamba kwenye Prado za miaka ile siti za nyuma zinakunjwa kuelekea ubavuni na zinang'oleka, kwa hiyo wapo watu wanaozitoa wapate nafasi ya mizigo, nyingine zinapotelea hukohuko. Usilipe kitu ambacho hujakikalia.

Kukalia ndilo somo la pili. Kila yadi niliyoingia walinikaribisha kwenye usukani. Shika usukani sista, sikia kiyoyozi, sikia redio. Mimi nawaambia nataka nyuma kabisa. Wananitazama kama mtu aliyekwenda harusini akaomba kukaa jikoni. Lakini mtu anayetafuta gari la mistari mitatu aanzie mstari wa tatu, maana siti za mbele kwenye magari yote ni nzuri. Nyuma ndipo unapojua ukweli. Kwenye Vanguard niliingia kwa kukunja siti ya kati na kujikunja mwenyewe, nikakaa, magoti yakanisalimia kidevu. Na mimi siyo mrefu. X-Trail hivyohivyo. Prado ina ahueni ya urefu kwenda juu, ila sakafu ipo karibu na makalio, unakaa kama uko kwenye kigoda. Noah ndilo pekee ambalo mtu mzima anakaa nyuma kama binadamu, na mlango wake wa kuteleza unaingia bila kuomba radhi.

Kitu kingine ambacho hawakwambii: siti za nyuma zikisimama, buti linakufa. Familia nzima ipo ndani, sawa, magunia yanakaa wapi? Kwa hiyo gari la siti saba lenye watu saba linataka keria juu, la sivyo mtasafiri mmepakata mabegi.

Halafu kuna ushuru. Ukiagiza Japani mwenyewe, injini inayozidi cc 1000 lakini isiyozidi 2000 inalipiwa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ikizidi hapo ni asilimia 10. X-Trail ya 2.0 ina cc 1997, imechungulia mpaka ikarudi. Vanguard ya 2.4 ina 2362, Prado ya 2.7 ina 2693, zote zimevuka. Gari likipita miaka 8 tangu litengenezwe linaongezewa tozo ya uchakavu, likipita 10 tozo inapanda tena. Vanguard ilianza kutengenezwa 2007 na ikaachwa 2013, kwa hiyo yote unayoyaona yameshakula chumvi. Baada ya kupiga hesabu nikaamua nitafute ambalo limeshaingia nchini, limeshalipiwa, lina kadi, na mwenye kadi yupo hai na simu anapokea.

Nikatuma picha kwenye grupu la familia. Kasheshe lilianza hapo.

Kaka mkubwa anataka Prado, hataki kusikia kingine. "Mzee kafanya kazi miaka yote hiyo, apande kitu chenye heshima." Mimi nasema heshima anayoisema ni ujiko wake yeye, apige picha Krismasi. Dada aliyeolewa Mwanza anataka Noah, kwa sababu ya watoto. Kaka wa pili akamjibu kwamba Noah mikoani ni gari la abiria, mzee akipita stesheni watu watampungia mkono, "Tabora shilingi ngapi?" Tulicheka siku nzima. Baba hakucheka. Aliandika neno moja: "Masika."

Alikuwa na haki. Lami ipo barabara kuu ya Tabora kwenda Urambo, lakini shamba letu lipo ndani, unaacha lami unaingia kwenye mchanga, kisha unashuka mbugani kwenye udongo mweusi. Kiangazi udongo ule unapasuka kama kisigino. Mvua zikianza Novemba unageuka ugali, gari la chini linakaa hapo mpaka ng'ombe waitwe. Noah likafutwa kwenye daftari. Na mimi nililipenda jamani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Usiku mmoja nilikaa na daftari, nikaandika majina ya watu wanaoishi nyumbani Usoke. Baba. Mama. Bibi mzaa baba. Wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Watano. Nikarudia, watano. Gari la mistari miwili lina siti tano! Tena kwa milioni 32 la siti tano unapata zuri zaidi, la miaka ya karibuni, na chenji inabaki ya bima na mafuta. Nikajiona nina akili kuliko madalali wote wa Kinondoni. Nikampigia mzee.

"Baba, nimepiga hesabu. Nyumbani mpo watano. Siti mbili za nyuma zitakaa wazi mwaka mzima. Tuchukue la siti tano, hela inayobaki weka benki."

Kimya. Nikadhani mtandao.

"Baba?"

"Nimesikia," akasema. "Usiku mwema."

Kesho yake mama kanipigia. Mama yangu hajui kuzunguka. "Umemwambia nini baba yako? Jana hajala." Nikamweleza zile hesabu zangu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe mara ya mwisho umekuja lini?"

Msomaji wangu, nilikuwa nimesimama dukani, nimeshika mkate. Nikahesabu. Miaka mitatu na miezi miwili. Mimi ninayeandika humu kila mara nikiwashauri watu kuhusu mapenzi na familia. Miaka mitatu! Hela natuma, simu napiga, vocha siyo tatizo. Lakini mlango wa nyumbani sijaukanyaga.

Nikakumbuka kitu. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa anapata pasi ya reli, na likizo ndefu tulikuwa tunasafiri wote kwenda Dar kwa shangazi. Daraja la pili kulala, chumba kimoja, vitanda sita, watu tisa. Wazazi wawili, bibi, na sisi sita. Mimi kitindamimba nilikuwa nalala miguuni kwa mama. Kaka mkubwa kitanda cha juu kabisa, anatudondoshea maganda ya karanga. Saranda kuku wa kuchoma dirishani. Usiku baba anafunga mlango kwa komeo, anatuhesabu kwa kidole, moja mpaka tisa, ndipo anazima taa. Sijawahi kumwona baba akiwa na raha kama akiwa mle ndani. Kazini kwake watu walikuwa wanapita tu. Mle chumbani wote walikuwa wake, na hakuna aliyekuwa na pa kwenda mpaka asubuhi.

Jioni nikampigia tena. Shikamoo yangu ilitoka kwa shida.

"Baba, naomba unisamehe. Zile siti mbili ni za kina nani?"

"Zenu," akasema.

"Baba, sisi tupo sita. Siti ni mbili."

"Najua mpo sita. Hamuwezi kuja wote siku moja, kila mtu ana kazi zake. Wawili wawili mtaenea."

Sikuwa na neno. Mtu kapiga hesabu zake kabla yako, tena bila kumlaumu yeyote, halafu wewe unamfundisha kujumlisha.

Basi kazi ikaanza upya. Siti saba, hakuna mjadala. Ila safari hii nikaanza na magoti ya mama, maana mama magoti yanamsumbua, na Prado ipo juu. Nikamwambia, "Mama, chukua kigoda, weka mguu juu yake kama unapanda." Akapanda. "Sasa chukua ndoo ndogo, ile ya lita kumi, igeuze." Nikamsikia anaguna. "Hiyo naweza, ila nishikwe mkono." "Ndoo kubwa?" "Wewe mtoto unataka kunivunja?" Nikaazima futi ya fundi cherehani jirani yangu, nikapima kigoda changu na ndoo zangu mbili. Nikarudi yadi napima sakafu za milango. Madalali walinicheka, mmoja kaniuliza kama namshonea gari suruali. Prado ikaangukia ndoo kubwa, na bila stepu za pembeni mama asingeingia. Vanguard na X-Trail zikaangukia ndoo ndogo.

Prado niliyoipata yenye siti zote na hali nzuri ilipita bajeti, na kaka mkubwa alipoambiwa aongezee yeye tofauti, heshima ya mzee akaisahau palepale. X-Trail nzuri nilizoziona nyingi zilikuwa za siti tano, na moja ya saba kadi yake ilikuwa na maneno mengi. Vanguard ikashinda. Ya 2.4, fowili, rangi ya fedha, mwenye kadi yupo na kaja mwenyewe.

Fundi wangu alikuja saa moja asubuhi, maana alisema gari likaguliwe likiwa limelala, injini ikiwa ya baridi. Ukilikuta tayari linaunguruma uliza kwa nini limewashwa mapema. Akaliangalia chini, akafuta sehemu zilizopakwa rangi mpya, akavuta oili akainusa, akageuza usukani mwisho huku na huku asikilize kama kuna kitu kinagonga. Bushi za mbele zimechoka, akasema, punguzeni bei. Wakapunguza. Mimi nikaingia nyuma, nikazisimamisha siti zile mbili, nikazilaza, nikazisimamisha tena, mara kumi. Mwenye gari akaniambia, "Dada, hizo hatukuwa tunazitumia." Nikamwambia sisi tutazitumia.

Kaka wa pili aliomba ruhusa kazini, tukaondoka naye Dar Alhamisi kabla ya Pasaka. Dodoma, Manyoni, Itigi mpaka Tabora, zaidi ya kilomita 800. Baba alitusubiri Tabora mjini, kaja na mama, bibi na wajukuu, wote wamevaa nguo za kanisani. Hakulizunguka gari kama wanaume wengine, wala hakugonga tairi kwa kiatu. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akafungua, akaziona siti zimesimama.

Akashika usukani mwenyewe. Bibi mbele, kwa heshima yake. Mama na wajukuu katikati, na alipanda kwa kushikwa mkono tu, sawasawa na ndoo ndogo. Mimi na kaka nyuma kabisa, magoti kwenye kidevu, mabegi mapajani, mzigo mwingine juu kwenye keria. Nakwambia ukweli bila kukuficha: siti ya tatu ya Vanguard siyo ya mtu mzima. Mpaka Usoke miguu ilikuwa imekufa ganzi yote miwili. Lakini tulipotoka mjini nilimwona baba kwenye kioo cha ndani, midomo inacheza. Nikadhani anaomba dua. Kaka akaninong'oneza, "Anahesabu."

Watu saba. Hakufika tisa.

Sasa kwenye grupu tumepanga zamu, wawili wawili. Mpaka ninapoandika hapa jozi mbili zimeshakwenda, ya tatu imeahirisha mara moja, na kaka mkubwa, yule wa heshima, bado anatafuta nafasi. Mama analalamika kwamba gari limekuwa halibebi mkaa wala michembe, kwa sababu mzee hataki siti za nyuma zilazwe. Kila akizilaza mama, jioni mzee anakwenda anazisimamisha.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari la mistari mitatu, kalia siti ya nyuma kabla hujashika usukani. Zisimamishe uangalie buti limebaki kiasi gani. Pima sakafu kwa goti la mtu mkubwa kuliko wote nyumbani. Ita fundi asubuhi, na mwenye kadi umwone kwa macho. Na kama ni mzee wako anayelitaka, kabla hujamfundisha hesabu, jiulize wewe mwenyewe mara ya mwisho ulikwenda lini.

Mimi zamu yangu ni mwezi ujao. Nimeshaomba nipangwe na dada wa Mwanza, ni mfupi. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.